Nta Isiyomchoma Mwanawetu

Zaidi alirudishwa Kibiti asubuhi akiwa maiti, amelazwa nyuma ya gari la kambi ya watalii, na kando yake wamepanga masanduku ya chupa tupu za bia, viatu vyake, na kiroba cha vipande vya mishumaa. Homa ilimchukua ghafla huko upande wa Mloka, kwenye kambi alikokuwa mpishi. Mkewe, Mwanawetu, alitoka uani na mwiko mkononi. Akatazama ndani ya gari. Kisha akamwuliza dereva, Bashiru jina lake, kama yeye dereva ametia chochote tumboni tangu atoke huko. Bashiru akatikisa kichwa. Mwanawetu akaingia ndani, akamletea uji.

Mimi nilikuwepo. Naitwa Sikudhani, muuza vitumbua, na ua wangu na wake ulitenganishwa na makuti makuukuu ambayo hayakuziba hata harufu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyasikia kwa jirani. Jirani ndiye mimi.

Msibani wanawake walilia, kila mtu kwa kiasi chake, wakiwemo na wale waliokuwa hawasalimiani na marehemu. Mwanawetu alikaa mkekani, uso mkavu. Aliitika pole zote, aliuliza kama maji ya kuoshea mikono yanatosha, akasogea kuwapisha waliochelewa. Imamu alituma salamu kumsifu kwa subira yake. Lakini imamu alikuwa nje na wanaume, na ndani kulikuwa na Kudra.

Kudra ni dada wa Zaidi, wifi mtu, na wifi ni wifi. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, nami simlaumu, maana Zaidi alikuwa kaka yake wa pekee. Siku ya arobaini, wali umekwisha kuliwa na sahani zimerundikana, akasema mbele yetu sote, bila kupandisha sauti: "Mke asiyemlilia mumewe alikuwa mke, au mpangaji?"

Mwanawetu alikusanya sahani, akatoka nazo.

Jioni ile alikuja kwenye makuti akaniita. Akaniambia neno lile halimtoki. Hakukasirika, alitaka kujua tu kama lina ukweli. Alisema akijitafuta ndani haoni huzuni, haoni hasira, haoni kitu. Anaamka, anaswali, anapika, analala. Angetaka kulia, akalie hata peke yake, apate kujua kuwa yule aliyeishi naye miaka yote ile alikuwa mumewe wa moyoni. Asipolia je? "Labda Kudra ana haki, Sikudhani," akasema. "Labda sikumpenda, nilimzoea tu."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Lakini jibu la namna hiyo ni la kumnyamazisha mtu, si la kumtoa wasiwasi, na wote wawili tulilijua hilo.

Mwanawetu si wa Kibiti. Kwao ni milimani kusini, Umatumbi. Baba yake alikuwa mrina asali, mtu wa kupanda miti na kijinga cha moto huku nyuki wamemvaa mwili mzima. Asali waliila na kuiuza, na nta waliikamua, wakaifinyanga madonge, wakaipeleka Mohoro kwa wenye maduka. Huko Mohoro, msichana akiwa amekaa juu ya mzigo wa nta kuulinda, ndiko Zaidi alikomwona. Zaidi alikuwa Mndengereko wa mtoni, mkulima wa mpunga. Alijidai anataka kununua nta. Akaulizwa ya nini, akakosa la kusema. Mwanawetu alipenda kulisimulia hilo zamani, na kila akilisimulia, Zaidi alikuwa akikohoa na kutoka nje.

Walioana, wakalima Mloka. Hawakujaliwa mtoto. Ukilima Mloka unawalimia na wanyama: nguruwe wanataka muhogo, nyani wanataka mahindi, na tembo akija hana anachochagua. Walikesha kwenye dungu, wakapiga madebe, wakavuna walichoachiwa. Mwishowe wakachoka, wakahamia Kibiti barabarani, na Zaidi akapata kazi ya jikoni kambini. Akawa anarudi nyumbani kila apatapo ruhusa, na hakurudi mikono mitupu. Alirudi na vipande vya mishumaa.

Wageni wale walikuwa na jenereta, taa zote zinawaka, lakini ukifika wakati wa kula wanaizima na kuwasha mishumaa. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni ya mafuta ya taa miaka ya dhiki tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mtu ana taa, anakula gizani kwa hiari! Na mshumaa ukifika nusu hawautaki tena, wanawasha mpya. Zaidi aliviokota vile vipande, akavitia kwenye kiroba, akamletea binti wa mrina asali. Mume na mke wakakaa uani wakavifanya viwe mishumaa tena.

Kazi yenyewe ni ya kutulia. Kipande unakichuna, unatoa utambi mweusi ulioungua na kuutupa, unakwangua mchanga na mbawa za wadudu. Nta unaitia kwenye kopo, kopo unalikalisha ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ukiliweka juu ya moto wenyewe utawasha nyumba. Ikiyeyuka unaichuja kwa kitambaa. Unaongeza nta ya nyuki kidogo ili mshumaa usilegee kwa joto. Kalibu yao ya kumiminia nta ilikuwa kikonyo cha jani la mpapai, ambacho kimenyooka na kina tundu katikati. Chini wanakiziba kwa donge la ugali, ndani wanapitisha utambi mpya, na juu wanaufunga kwenye kijiti cha chelewa ili usimame katikati. Wanamimina, wanasubiri. Ikiganda wanachana kikonyo, na mshumaa unatoka na mistarimistari ya mpapai mwilini mwake. Mishumaa ya Mwanawetu ilijulikana kwa mistari hiyo.

Siri ilikuwa katika joto la nta. Ikichemka mno, kikonyo kinalainika na kupasuka. Ikipoa mno, inaganda kwa matabaka na mshumaa unakatika. Zaidi aliijaribu kwa kidole cha mwisho, kwa sababu vingine vinahitajika kusokota utambi. Unachovya, unatoa, unasema bismillahi, na nta ikigeuka nyeupe kidoleni kabla hujamaliza, mimina. Mwanawetu alipojifunza alikuwa akipiga ukunga kila akichovya, na Zaidi anacheka hadi anakaa chini. Baadaye akamwonea huruma, akawa anachovya yeye mwenyewe kila anapokuwa nyumbani. Kwa miaka mingi kidole cha Mwanawetu kilipumzika.

Basi akiwa bado katika eda, amejifungia ndani na baibui lake, alikifungua kile kiroba kilichokuja pamoja na maiti. Alisema mikono inataka kazi. Akakwangua, akayeyusha, akachuja. Nami nilikuwa nimekwenda kumpelekea vitumbua, nikakaa kizingitini. Ilipofika wakati wa kujaribu, akatazama pembeni kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake. Hakuna mtu. Akachovya kidole chake.

Akakitoa. Akakitazama, nta ikigeuka nyeupe. Akachovya tena, akakiacha humo humo, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Sisikii," akaniambia.

Siku ya pili nilikiona kidole kimefura lengelenge, naye hana habari, anafagia. Nilimwonyesha. Alilitazama kama kitu cha mtu mwingine. Kuanzia hapo hakuwa tena na swali, alikuwa na jibu. Moyo wake umekufa, na ushahidi ni huu hapa mkononi. Mama zetu walikuwa wakisema kilio kisichotoka hushuka mwilini na kutafuta pa kukaa, nami, kwa kutaka kumtuliza, nikamkumbusha hayo. Lakini aliyageuza. Kilio gani, akaniuliza, cha mtu asiyekuwa nacho?

Watu nao walivyo! Alipotoka eda akaanza kuuza mishumaa yake kituo cha mabasi, kwa mama lishe na wenye vibanda, na habari za kidole zikaenea. Wakamwita mwenye mkono wa baridi. Wanunuzi wengine walikuja mpaka uani kumwona akichovya, wakatikisa vichwa, wakasema Mungu akikunyima hiki hukupa kile. Mishumaa ikasifiwa kuliko wakati Zaidi alipokuwa hai. Kudra yeye aliposikia alisema hata moto umemkataa. Neno hilo lilimfikia, kama yanavyofika maneno yote Kibiti, yakiwa yameongezewa chumvi. Mwanawetu alilipokea, akaendelea kusokota utambi.

Nilijaribu yangu. Nilimkatia vitunguu karibu na pua, tukaishia kulia mimi na paka wangu. Tulikwenda kaburini, akang'oa majani, akaweka jiwe sawa, akaniuliza kama nimechoka. Tulikwenda kwa shekhe mmoja akamwandikia kombe, akalinywa lote na kurudisha bakuli kwa adabu. Alikuwa mtiifu sana katika kujitibu. Usiku nilimsikia akijigeuza kitandani, na asubuhi nikimwuliza anasema kalala salama.

Wakati huo ndio nchi ilikuwa imefunguliwa milango. Ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje ilikuja na kila kitu: sabuni za kila rangi, mitumba, betri, na mishumaa ya kiwandani kwenye maboksi, myembamba, inayokwisha kabla hujamaliza kula. Niliona nimsaidie. Nikafumua sweta la mtumba, uzi mzuri, unang'aa, nikampa asokotee tambi, apumzike kusokota pamba. Kumbe uzi ule si pamba hata chembe. Mishumaa ikawashwa, utambi ukajikunja, ukayeyuka, ukazama, na nta nzima imebaki inamtazama mtu. Kibiti ilinirudishia mimi lawama zote. Mwanawetu hakunilaumu. Alivunja mishumaa yote, akatoa tambi mbovu moja moja, akayeyusha nta upya, akatia tambi za pamba kutoka kwenye mche wake wa nyuma ya choo. Alisema nta haina kosa, inavumilia kuyeyushwa mara yoyote utakayo. Kwa mtu mwingine ningedhani anasema kwa mafumbo. Yeye alikuwa anasema habari za nta.

Mwaka na ushei ulipita hivyo. Bashiru aliendelea kushusha viroba kila apitapo, kwa ajili ya marehemu. Mwanawetu alikonda kidogo. Kidole cha mwisho, na cha pili yake, vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, tukasema ni makovu ya nta.

Alasiri moja akaja Bwana Miraji. Huyu alikuwa mtu wa afya anayezunguka vijijini na pikipiki akiwapelekea dawa wagonjwa wa kifua kikuu na wa ukoma. Mara nyingi analala safarini, akataka mishumaa ya kuchukua. Alikuta nta imeiva, vikonyo vimesimama vimepangwa kwenye mchanga, nami nashika chelewa. Mwanawetu akamkaribisha kigoda, akamwomba radhi asubiri kidogo, akachovya kidole.

Bwana Miraji akasogeza kigoda karibu. Akauliza kama haimchomi. Mwanawetu akamjibu kwa upole, kwa maneno aliyokwisha kuyazoea, kwamba hasikii tangu mume wake afe.

"Niazime pamba kidogo," akasema Bwana Miraji.

Nilimpa kutoka kwenye kikapu cha tambi. Alinyofoa nyuzi chache, akazisokota ncha vilevile kama Mwanawetu asokotavyo, akamwambia afumbe macho na aonyeshe kila mahali anapoguswa. Akamgusa shavuni, Mwanawetu akaonyesha. Akamgusa bega, akaonyesha. Akamgusa mkono wa kulia, akaonyesha. Akaja mkono wa kushoto, ule wa kuchovya. Akagusa kidole, akagusa ukingo wa kiganja, akapanda taratibu hadi karibu na kiwiko, pale palipokuwa na baka lililopauka ambalo sisi siku zote tuliliita choa. Mwanawetu amefumba macho, anangoja. Pamba imemgusa mara nyingi, na yeye bado anangoja kuguswa.

Mimi nilielewa kabla hajasema. Niliogopa, na mguu wangu ulirudi nyuma wenyewe.

Bwana Miraji alimbonyeza kiwiko, akahisi mshipa umevimba. Akamweleza bila kuzunguka kwamba ni ukoma. Akaharakisha kusema dawa zipo, za bure, zinatibu kabisa, na akianza kuzimeza hamwambukizi mtu. Ila ganzi iliyokwisha kuingia vidoleni huenda isitoke, kwa hiyo mkono huo sasa autunze kwa macho, kwa kuwa wenyewe hauwezi kujitunza. Mwanawetu alisikiliza yote. Nilimtazama usoni nikaona uso ule ule wa msibani.

Kisha akauliza swali moja tu. Aliuliza ukoma huo umeanza lini.

"Mama, huu si wa mwaka huu," akasema Bwana Miraji. "Hili baka ni la zamani. Una miaka nao."

"Kabla mume wangu hajafa?"

"Kabla, kwa muda mrefu."

Mwanawetu akalitazama baka lake. Akasema, polepole, kama anayesoma kitu kwa mbali, kwamba Zaidi alikuwa akimpaka mafuta ya nyonyo hapo. Kila akirudi kutoka kambini, usiku, kabla ya kulala. Anampaka na kumwuliza kama hatekenyeki, naye anamwambia hapana, na Zaidi anasema basi nimeoa jiwe, na wanacheka. "Nilikuwa siusikii mkono wake hata wakati ule," akasema. "Na nilikuwa nampenda. Wallahi nilikuwa nampenda."

Akafungua kinywa aendelee, na sauti iliyotoka haikuwa ya maneno.

Sijapata kusikia kilio kama kile. Kilimtoa kigodani kikamweka chini, katikati ya vikonyo vya mpapai vilivyopangwa, vikaanguka vyote. Bwana Miraji, maskini, alipiga magoti mchangani, akawa anamrudia: unapona, mama, huu si ukoma wa zamani, wengi nimewatibu, wanalima, wanalea. Mwanawetu alimshika mkono kwa mkono wake mzima.

"Silii ukoma, bwana," akamwambia. "Namlilia mume wangu."

Kwetu kilio kikisikika hakuna anayengoja kuitwa. Mke wa fundi baiskeli aliingia kwanza, unga ungali mikononi. Wakafuata wengine, kanga zimefungwa viunoni kama inavyopasa, wanatazamana, wanatafuta maiti alipo. Mimi nilikuwa nimekwisha kaa chini, nimempakata kichwa, nimesahau kuogopa. Kudra alikuja nyuma ya wote, anahema, maana kwake ni mbali kidogo.

"Nani kafa?" akaniuliza.

"Zaidi," nikamwambia.

Kudra alinitazama kama nimerukwa na akili. Akamtazama wifi yake aliyekuwa akiliita jina la kaka yake mchangani. Kisha akavua ndala, akaja akaketi upande wa pili, akaushika ule mkono wa kushoto wenye makovu na kuuweka mapajani mwake, akaanza naye kulia upya. Wanawake wakatandika mikeka. Mtu akaenda kuchota maji, mwingine akanyanyua sufuria motoni akaiweka kando.

Nta iligandia koponi humo humo, ikabidi kesho yake tuiyeyushe tena.